Nilivyouonea Wivu Uvimbe wa Mdogo Wangu

Watu wa kwetu wakisimulia ugonjwa wa mdogo wangu, huanza na mimi. "Dada yake ndiye aliyegundua," husema, na mama hudakia, "Macho ya dada hayo!" Mimi huinamisha uso nikajifanya natafuta kitu chini. Nimechoka kusimuliwa. Leo nasimulia mwenyewe, na naanzia panapostahili, kwenye wivu.

Mambo haya yalipoanza nilikuwa na miaka tisa ya ndoa hapa Kaisho, bila mtoto. Si kwamba mimba zilitoka. Hazikuingia kabisa. Mdogo wangu, ambaye ndiye anayenifuata na ndiye wa mwisho, alikuwa ameolewa Chonyonyo, mwaka wa nne, naye hana kitu. Niseme ukweli, hilo lilinipoza moyo. Tukikutana kwa mama, Mabira, na shangazi zetu wakianza "vipi, bado tu?", tulinyanyuka wote wawili, mmoja anashika kisu, mwingine beseni, tunakwenda nyuma ya jiko kumenya ndizi. Huko yeye aliwaigiza shangazi mmoja mmoja, sauti na midomo, mimi nacheka mpaka nashika mbavu. Tulimenya ndizi ambazo hata hazikuhitajika. Nilikuwa na mwenzangu.

Msimu mmoja wa kahawa tulikwenda wote kumsaidia mama kuanika. Mchana tukiwa tunafua, mdogo wangu aliinama kwenye karai, na alipoinuka niliona blauzi yake imelowa sehemu mbili, kifuani, kulia na kushoto.

"Umejimwagia nini?" nikamuuliza.

Alijitazama, akajifunika kwa mikono. Kisha akaanza kucheka na machozi yanamtoka.

"Dada, ni maziwa. Yanatoka yenyewe. Na siku zangu sijaziona mwezi wa tano huu. Nadhani Mungu amenikumbuka."

"Hongera," nikasema. Neno lilitoka mdomoni tu. Ndani roho iliniuma hadi nikahisi joto masikioni. Mungu amekukumbuka wewe, na mimi je? Mimi niliyetangulia, niliyekunywa kila mzizi na kupiga goti kila kanisa kutoka hapa mpaka Kayanga? Niliendelea kufua shuka moja ileile kama mwehu.

Mama alipoambiwa alipiga vigelegele vikafika kwa jirani. Alimkalisha mdogo wangu kwenye mkeka, akamnyoosha miguu, akamletea bushera, uji wa mtama, kwenye kikombe kile cha wageni. Shangazi wakamzunguka. Hakuna aliyeuliza "bado tu?" kwa kuwa jibu lilikuwa limeshapatikana, angalau nusu. Mimi nilichukua kisu na beseni. Nikafika nyuma ya jiko, nikageuka, hakuna aliyenifuata. Siku hiyo nilimenya ndizi peke yangu, na nilijikata kidole.

Tangu hapo nikawa namtafutia kosa, na mtu akitafuta kosa halikawii. Siku ya gulio hapa Kaisho nilikuwa nimekaa na maharage yangu pembeni ya njia. Nikamwona anakuja na wifi yake, anatembea pole pole kama wajawazito wanavyojitembeza. Alipita karibu yangu hadi kanga yake ikagusa gunia langu. Mimi ni mkubwa, shikamoo inatoka kwake kuja kwangu. Nikanyamaza nikaingoja. Akapita! Macho mbele, shingo imenyooka, kana kwamba mimi ni kichuguu.

Ee bwana wee, nilichemka. Na sikuwa peke yangu. Mzee mmoja mwenye duka kule Mabira, Mwislamu mwenye asili ya pwani, mtu wa heshima zake ambaye sisi sote tulikulia barazani kwake tukinunua sukari, alinisimamisha. "Binti yenu kanipita leo mguu kwa mguu," akasema. "Nimemsubiri aniamkie, wapi." Kule Chonyonyo mama mkwe wake alikuwa na malalamiko hayohayo. Wazee waliokaa kando ya njia walimtazama akipita bila neno, nao hawakumwita, kwa sababu mkubwa hamwanzi mdogo salamu. Kila mmoja alimeza fundo lake akaenda nalo nyumbani. Hivyo ndivyo mdogo wangu alivyopata sifa ya kuringa katika wilaya mbili.

Na mimi nilichochea. Nilimpigia mama simu, nikamwambia, "Mwanao ameota mapembe. Mimba yenyewe haijaonekana, dada yake hamjui tena." Mama alimpigia akamkaripia. Mdogo wangu alilia, akaapa kwamba hakuniona. Mama aliponiletea utetezi huo nikacheka kwa kejeli. "Haoni? Mimi na gunia zima la maharage, haoni?"

Safari iliyofuata Mabira ndipo nilipoupata ukweli, na ndipo ulipo uchafu wangu. Asubuhi alijigonga bega kwenye mlango, mlango uleule tuliouingia tangu tunatambaa. Baadaye alipiga chungu kwa kiwiko kikamwagika. "Mimba hiyo, inamlegeza," shangazi wakasema kwa upole ambao mimi sijawahi kuupata. Mchana tulikaa mkekani kuchambua maharage, mimi kushoto kwake. Hasira zilikuwa bado zinanitembea mwilini. Nikainua mkono karibu na sikio lake, vidole vimetanuka, nikauleta mbele kama mtu anayetaka kupiga kofi.

Hakupepesa jicho.

Nikahamia kulia kwake nikisingizia ungo. Nikafanya vilevile. Hakupepesa. Nikausogeza mkono polepole mpaka ulipokaribia pua, ndipo akaruka. "Dada! Umenishtua, umetokea wapi?" Nami nilikuwa nimekaa pale tangu tumalize chai.

Hapo nilijua kwamba mdogo wangu haringi. Alikuwa anaona mbele tu, kama mtu anayechungulia katikati ya mapazia mawili, na yeye mwenyewe hajui, maana mapazia yalifungwa kidogo kidogo. Na siku zile watu walikuwa wamemkalia kooni kwa jambo ambalo si kosa lake. Ningesema sentensi moja tu, pale pale, mbele ya mama.

Sikuisema. Nilijiambia kwamba nikisema, watambeba zaidi: mjamzito haoni, mleteeni kiti, mshikeni mkono, mpeni kikombe cha wageni na sahani ya wageni. Nilijiambia pia, na hili ndilo linaloniamsha na aibu hadi leo, acha ajigonge kidogo. Acha naye apungukiwe na kitu. Nikarudi Kaisho na siri yangu, na nikakaa nayo miezi miwili.

Katika miezi hiyo tumbo lake halikukua. Kichwa kilimuuma kila siku, akawa anakifunga kitambaa. Mume wake alikuwa safarini na lori la ndizi, basi mama akaniagiza mimi nimpeleke Kayanga akapigwe ultrasaundi. Daktari, mama wa makamo, alimpaka ile dawa baridi tumboni, akapitisha kifaa chake, akakirudisha.

"Mama," akasema, "humu hamna mtoto. Na sioni dalili kwamba amewahi kuwemo."

"Angalia tena," mdogo wangu akasema. "Tafadhali, daktari, angalia tena. Maziwa yanatoka."

Nami nilifurahi. Ninalisema lilivyokuwa. Nilisimama kando ya kitanda nimemshika mkono, uso nimeukunja vizuri kabisa wa huzuni, na ndani nafsi yangu inasema: karibu tena nyuma ya jiko.

Daktari alikaa chini. Hakumfukuza na kulia kwake. Aliuliza kuhusu hedhi, maziwa, kichwa. Halafu akauliza, "Kuna kingine chochote ambacho si cha kawaida?" Mdogo wangu alifikiri, akasema hakuna. Daktari akanigeukia mimi. Sijui ni macho yake au ni kwa sababu nilikuwa nimeshashinda, sikuwa tena na sababu ya kunyamaza.

"Haoni pembeni," nikasema.

Alimpima kwa vidole, kulia na kushoto, karibu sawasawa na nilivyompima mimi mkekani. Sura yake ilibadilika. Akaniuliza nimeligundua lini. "Juzi juzi," nikajibu. Akanishika bega. "Umemsaidia sana mwenzako," akasema. Sifa zangu zilianzia pale, kwenye uongo.

Tulipelekwa Mwanza, hospitali kubwa, akapigwa picha ya kichwa. Daktari wa upasuaji, kijana mpole mwenye sauti ndogo, alitukalisha mimi, mama na shemeji yangu aliyekuwa amerudi, akachora kwenye karatasi. Alisema kuna tezi ndogo, kama punje ya harage, imekaa katikati kabisa ya kichwa, chini ya ubongo, nyuma ya pua. Ndiyo inayoamrisha hedhi, maziwa na mimba. Uvimbe umeota hapo. Juu yake tu ndipo mishipa ya macho inapokutana, na uvimbe umeisukuma mishipa hiyo kutoka chini. Alisema si saratani, lakini ukiachwa atakuwa kipofu.

Vidonge alipewa kwanza, tukasubiri majuma kadhaa. Macho yaliendelea kufifia. Daktari akatuita tena.

"Kitu kilicho ndani namna hii," akasema, "kazi si kukitoa. Kazi ni kukifikia." Akatueleza njia mbili. Ya kwanza ni kufungua mfupa wa paji la uso, kuuinua ubongo taratibu na kupita chini yake. Njia hiyo inafika, lakini unapita karibu na vitu ambavyo hutaki hata kuvigusa. Ya pili ni puani. Wanaingiza kamera nyembamba na vyombo virefu, wanatoboa mfupa mwembamba ulio nyuma kabisa ya pua, wanaukuta uvimbe kwa chini na kuuchota vipande vipande. Ubongo wenyewe hauguswi.

Shemeji yangu alikataa kuelewa. "Puani, daktari? Kitu cha kichwani kitokee puani?"

"Wewe una kibanja?" daktari akamuuliza.

"Ninacho, cha baba."

"Mkungu ulioiva uko katikati, migomba imesongamana. Unakata migomba yote ya mbele ili uufikie?"

Shemeji akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu tufike. "Natafuta upenyo."

"Pua ndiyo upenyo," daktari akasema. Lakini hakutuficha. Kila upande wa pale pana mshipa mkubwa wa damu, na mishipa ya macho ilikuwa imekonda kama uzi. Mdogo wangu angeweza kuamka anaona vizuri, au anaona kama alivyolala, au haoni kitu kabisa. Mama alisema "Mawe!" mara moja, kama wanavyomaka watu wa kwetu wakishikwa na hofu, akashika rozari.

Kisha daktari akaongeza, kama kitu kidogo tu, "Na huu ndio uliomzuia kushika mimba miaka yote hii. Tukiutoa, anaweza kuzaa."

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa watu hudhani natania. Niliuonea wivu ule uvimbe. Mdogo wangu anakaribia kupofuka, mimi nimekaa kwenye benchi naona kijicho. Alikuwa na sababu! Sababu yenye picha, yenye jina, iliyochorwa kwenye karatasi, ambayo mtu angeweza kuifuata kwa kamera na kuichota. Shangazi wakiuliza, angetoa karatasi. Mimi miaka tisa niliulizwa nimefanya nini ujanani, na sikuwa na hata doa la kuonyesha.

Nilimfuata daktari kwenye korido. "Daktari, na mimi nipige picha ya kichwa."

"Unaumwa nini?"

"Sizai."

Hakucheka, Mungu ambariki. Aliniuliza kama natokwa na maziwa. Hapana. Hedhi? Inakuja kama saa. Kichwa, macho? Akanipima palepale kwa vidole vyake, niliona vyote, kulia na kushoto, juu na chini. "Kwako sioni dalili yoyote," akasema. "Kichwa chako ni kizima." Nikamshukuru, nikaenda chooni, nikalia kwa sababu nilikuwa mzima.

Upasuaji ulichukua asubuhi yote na sehemu ya mchana. Mdogo wangu alitoka amejazwa pamba puani, uso umevimba, anapumua kwa mdomo. Mama alishindwa kumtazama, basi uuguzi ukawa wangu. Hakutakiwa kupenga kamasi, kuinama wala kujikamua chooni. Akitaka kupiga chafya aachame mdomo. Nilipima kila tone la mkojo wake kwenye jagi na kila kikombe cha maji alichokunywa, nikawaambia manesi. Niliambiwa nitazame pua: yakichuruzika maji meupe, membamba, nipige kelele, maana hayo yatakuwa ni maji ya ubongo. Nilitazama pua ya mdogo wangu siku tano kama ninavyotazama sufuria ya maziwa jikoni. Hayakutoka.

Siku ya tano daktari alimpima macho. Upande wa kulia mkono ulipoingia, mdogo wangu akasema "nauona" kabla haujafika usawa wa shavu. Mama alianza kupiga vigelegele, nesi akamnyamazisha. Upande wa kushoto daktari alileta mkono, akausogeza, akausogeza tena. Mdogo wangu alingoja mpaka vidole vilipofika karibu na pua.

"Huu mshipa ulibanwa muda mrefu zaidi," daktari akasema. "Tungewahi kidogo, miezi michache, pengine nao ungerudi. Pengine. Hatuwezi kujua."

Mama alikuwa keshaanza kumshukuru. "Wa kushukuru ni huyu," akasema na kunishika mkono. "Bila dada yake tungekuwa bado tunamtukana kwamba anaringa." Mdogo wangu alinitazama kwa macho yaliyojaa machozi, akasema, "Asante, dada. Wewe ndiye uliyeniona."

Nilivumilia mpaka mama na daktari walipotoka. Nikakaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Nilijua," nikamwambia. "Si juzi juzi. Tangu siku ile tulipochambua maharage. Nilikupitishia mkono usoni, hukuuona. Nikanyamaza miezi miwili."

Aliivuta shuka mpaka kifuani. Kisha akauliza, "Kwa nini?"

"Wivu. Nilidhani una mtoto."

Aligeuza uso ukutani. Siku mbili hatukuzungumza ila maji, jagi, dawa. Nilimnywesha, nilimpangusa, naye aliachia mwili wake mikononi mwangu kama kitu cha mtu mwingine. Siku ya tatu nikiwa nakunja shuka akasema, bila kunitazama:

"Usimwambie mama."

"Nitamwambia. Heri anilaani yaishe."

"Nimesema usimwambie. Mama ana watoto wawili tu. Mwache abaki nao wote wawili."

Basi sikumwambia. Adhabu niliyopata ni kusifiwa. Kila sherehe, kila msiba, mama ananiita mbele ya watu. Mzee wa duka alinipa kilo ya sukari bure kwa ajili ya macho yangu mema, na nilikwenda nayo nyumbani nikashindwa kuitia kwenye chai. Mdogo wangu akiwepo hutabasamu na kuitikia. Tunaamkiana vizuri. Shikamoo dada, marahaba mdogo wangu. Hatujawahi kwenda tena nyuma ya jiko.

Mwaka wa pili, kwa vidonge na kliniki za Mwanza, alishika mimba, ya kweli hii. Alinipigia simu mwenyewe. Nikasema hongera, na wivu ukaja vilevile, palepale, kama haujajifunza kitu. Nilikuwa nimefikisha miaka kumi na mmoja ya ndoa. Nilikata simu nikaenda shambani nikalima mpaka viganja vikatoka malengelenge.

Alijifungua binti. Nilikwenda Chonyonyo na mkungu wa ndizi na kanga mpya. Alikuwa amekaa uani kwenye kigoda, ananyonyesha, amenawiri. Nilikaa kushoto kwake, kigoda kingine, tukaongea habari za mvua na za mama. Mtoto aliposhiba nilinyoosha mikono. Nikairudisha nusu, akanigeukia, na niliona ameona.

Akanipa. Alimweka vizuri kwenye mikono yangu, akanirekebisha kiwiko chini ya kichwa cha mtoto, akasema, "Mshike, dada, ni wako pia." Kisha akasimama, akanyanyua kigoda chake, akazunguka nyuma yangu, akakaa upande wa pili, ili mimi na mtoto tuwe kulia kwake, upande anaouona.